Mahari Iliyokula Majani

Mjukuu wangu Akello,

Hapa Mbuya tu wazima, na mama yako anakusalimu. Umeuliza kama kompyuta yako inayosikiliza Kiswahili ifundishwe matamshi ya Waganda.

Babu yako, Mganda, alipokuja kunichumbia, alimwambia baba, "Mzee, mahali iko tayari."

Baba akawaka. "Mahali gani? Binti yangu hahami bila mahari!"

"Iko nje, mzee. Inakula majani."

Nilichungulia nyuma ya pazia. Mama, aliyewazoea Waganda wa soko la Kalerwe, akacheka. "Mahali gani panakula majani? Huyu ameleta mahari!"

Baba akatoka, akamkuta ng'ombe.

Basi ifundishe kwamba Mganda huweza kusema l penye r, tena isikilize sentensi nzima. Baba, aliyeshika neno moja tu, alikuwa ameshamfungulia babu yako mlango aondoke.

Nakuombea heri,
Bibi yako