Simu ya Dada Imeinywa Pikipiki Yangu

Jumapili, Julai 2008. Baridi imekalia Kitengela kama blanketi lenye maji. Watu wa maana wako kanisani. Mimi niko saiba, naandika kwa kompyuta ya kukodi, meza ya karibu na mlango, na Mungu anajua mahali pa kunipata.

Niko na furaha. Ngoja nieleze.

Jana wakwe walikuwa wanakuja Isinya kumposa Sein, binti ya dada yangu Naisula. Kwetu mazungumzo kama hayo hayaanzi kabla mjomba hajaketi. Chai itapoa, wazee watahesabu nzi, na hakuna atakayefungua mdomo. Wageni wakichoka kungoja wanarudi kwao wakisema wamedharauliwa, na msichana anabaki na aibu.

Mjomba ni mimi.

Nikavaa koti, nikakalia pikipiki pale nje ya jikoni, nikabonyeza starta.

Tik. Tik. Tik.

Kiki iko, lakini mguu wangu wa kuipiga uliharibiwa na ng'ombe mmoja mwenye hasira. Huyo ng'ombe tulimla, kwa hivyo tumelipana.

Sikukimbilia fundi. Fundi wetu ukimpelekea honi mbovu anafungua injini. Niliwasha taa, ikawa nyekundu kama jicho la mlevi. Nikabonyeza starta nikiitazama, ikazimika kabisa. Basi starta haina makosa, ni betri imeishiwa. Nikatoa kiti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Nikaiba magadi ya mama watoto, yale ya maharagwe, nikayeyusha kwa maji moto, nikasugua, nikapangusa, nikakaza nati.

Tik. Moja tu sasa, tena ya huzuni.

Hapo ndipo nikaona nyaya mbili nyembamba zimetoka kwa betri, zimepanda ukuta, zimeingia dirisha la jikoni.

Ndani, mama watoto alikuwa anakoroga uji bila kuniangalia.

"Hii ni mizizi ya nini?"

"Ni ya chaja, Baba Lemayian. Stima hatuna. Simu za akina mama wa kanisa zitakula nini?"

"Kumbe mimi huwa nimekalia sadaka!"

Kabla hajajibu, simu yangu ikalia. Ni Naisula. "Uko wapi wewe? Wageni wako kwa lango!" Sauti safi, yenye nguvu kabisa. Nikamwuliza hiyo simu aliichaji wapi.

"Si hapo kwenu, Alhamisi. Bibi yako aliijaza mpaka juu. Kwani?"

Kwani! Pikipiki yangu yote ilikuwa ndani ya hiyo simu, inanigombeza.

Lakini moto wa plagi ya pikipiki hii hautoki kwa betri. Injini inautengeneza yenyewe ikizunguka. Kwa hivyo nilihitaji tu mtu wa kusukuma, na jirani yangu Onchari, yule karani kutoka Kisii, alikuwa anapita na suti yake ya Jumamosi.

"Mzee, leo Sabato. Sifanyi kazi."

"Si kazi, ni ng'ombe ametumbukia kisimani. Hiyo Yesu mwenyewe aliiruhusu siku ya Sabato."

"Ng'ombe wako ana magurudumu, mzee," akasema, lakini alikuwa tayari anavua koti. Gia ya pili, klachi ndani, tukateremka. Nikaachia klachi. Ikakohoa, ikawaka, ikamwachia Onchari moshi wote.

Nilipovuta mafuta, taa ikang'aa nyeupe. Chaji inaingia. Betri haikufa, ilionewa tu. Sikuizima mpaka Isinya, nikaingia boma nikipiga honi kama bwana harusi. Wageni walikuwa bado wanapuliza chai.

Wakaniuliza mjomba anataka nini. Nikasema blanketi, kama desturi. "Na betri."

Sein alificha uso akicheka. Baba ya kijana alicheka mpaka akamwaga chai, akakubali zote mbili.

Betri hiyo ni ya mama watoto, achaji simu za kanisa lote, aniachie yangu.

Leo asubuhi nilimpa habari hiyo. Alifurahi sana. Halafu akaiangalia pikipiki, na mimi tangu hapo najiuliza: hiyo betri mpya ikiisha, yeye atakuwa anaichaji na nini?