Pakiti za Gwamaka

Prisca upo? Nina hasira kweli kweli.

Leo si ndiyo wazazi wa mchumba wa kaka Gwamaka wamekuja kwetu Nkunga kutoka Dar. Mama kaamka alfajiri, kakamua ng'ombe wetu, kachemsha maziwa, kayaweka kwenye ile chupa ya chai ya wageni, yenye maua.

Gwamaka kaingia jikoni na suti yake. Unajua kasema nini? "Mama, hayo yananuka zizi. Hawa ni watu wa mjini."

YANANUKA ZIZI! Mtu aliyesomeshwa na ng'ombe huyo huyo mpaka chuo!

Akatoa maziwa ya pakiti aliyonunua Mbeya, akayapanga mezani, maandishi yote yanawatazama wageni.

Mama alivua kitenge kipya, akavaa kile cha zizini, akakaa zake jikoni.

Basi mama wa binti kaonja, kaweka glasi chini. "Haya hata Dar tunayo. Mimi nilitamani ya ng'ombe wenu."

Gwamaka bila aibu: "Yapo mengi, mama!"

Kaja jikoni mbio. Mama kampa ndoo tupu. "Yale nimempa ndama. Nenda kakamue. Mwite ng'ombe kwa jina lake, bila hivyo hatulii."

Prisca, sasa hivi katoka zizini, kapigwa teke, suti imejaa mavi. Ananinong'oneza mimi, eti ng'ombe anaitwa nani.

Yananuka zizi, alisema. Sijamwambia.