Askari Ninayemwogesha

Jumatano, Novemba. Mvua nyembamba tangu asubuhi, na saa tisa mchana taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika leo, kesho nitaanza kujidanganya.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Huyu wa Rissne, pembeni mwa Stockholm, nitamwita Mzee Abdulrahim. Ana miaka themanini na saba, mkewe alishafariki, na kwao ni Iraki. Niko naye mwaka wa pili sasa, asubuhi nne kwa wiki. Ninamwogesha, ninampa dawa, ninamchemshia chai ya rangi, na yeye ananisimulia habari za jeshi.

Ukutani ana picha moja tu. Ni yeye mwenyewe, kijana mwembamba, luteni, kola imembana shingo. Ilipigwa mwaka ule maofisa walipomwondoa mfalme na nchi ikaitwa jamhuri.

Simulizi lake ni lilelile. Anasema kabla yao hapakuwa na Wairaki. Palikuwa na watu wa mtoni, wa milimani na wa jangwani, Sunni na Shia, Wakurdi na Wakristo, kila mtu akimwamkia wa kwao. Jeshi likawachukua vijana wa pande zote, likawanyoa, likawavika nguo za aina moja, likawalisha supu ya sufuria moja. Baada ya miezi sita, anasema, bendera ikipanda walitokwa na machozi, hata wale waliofika kambini bila kujua jina la mji mkuu.

Siku moja nilimwambia kwamba Kiswahili kimekopa neno kwao, taifa. Alicheka, lakini si kwa furaha. Kwa Kiarabu chake neno hilo ni kundi la watu wa dhehebu moja, na ndilo lililoivunja nchi yake. Lakini jeshi na askari, akasema, hayo mmeyachukua vizuri.

Nikiri kwamba nilipenda kumsikiliza. Burundi nilikozaliwa, jeshi halikumfanya mtu kuwa ndugu wa mwenzake. Nilikuwa na miaka tisa wanajeshi walipomchukua baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alasiri moja, shati lake likiwa bado na vumbi la chaki. Hakurudi. Kwa hiyo nilipomsikia mzee akieleza jeshi lililowaunganisha watu, nilitamani jambo hilo liwe limetokea kweli, hata kama si kwetu. Nilimwonea wivu.

Ujinga wangu.

Wiki iliyopita alianguka, na tangu hapo tunatakiwa tuwe wawili wa kumwinua. Leo niliongozana na Shilan, Mkurdi wa kaskazini mwa Iraki hiyohiyo, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Hapazi sauti, na wazee wengi humngoja yeye awakate kucha. Tulimkalisha mzee kwenye kiti cha kuogea, tukamfunika taulo. Shilan akaenda sebuleni kuchukua shati safi, na huko akaiona picha.

Aliporudi alimuuliza jambo kwa Kiarabu. Mzee akafurahi, maana mimi nazungumza naye Kiswidi tu. Alijibu kwa kirefu, akataja jina la kambi mara mbili, akanyoosha mgongo.

Shilan akaliweka shati juu ya mashine ya kufulia. Akaniambia kwa Kiswidi, polepole, kwamba mjomba wake alikuwa kuruta kwenye kambi hiyo, miaka hiyohiyo. Alipigwa kwa sababu alihesabu kwa Kikurdi wakati wa gwaride. Alirudi nyumbani akiwa kiziwi wa sikio moja, na hadi anakufa hakutaka kuulizwa chochote.

"Mimi simgusi," alimalizia, kisha akatoka.

Nilibaki na mzee, maji yakiendelea kumwagika. Alikuwa uchi na alikuwa anatetemeka. Nikamsugua mgongo, makwapa, miguu, kama siku zote. Akauliza mwenzangu amekasirishwa na nini. Nikamwambia. Kisha nikamuuliza swali ambalo muda wote huu sikuwahi kumuuliza, kama na yeye aliwapiga.

Hakuona haya. Hilo ndilo linalonisumbua hadi sasa.

"Aliyehesabu kwa lugha ya mama yake, nilimpiga," alisema. "Kila asubuhi, mpaka ahesabu kama wenzake. Wewe ulidhani walifanana kwa sababu ya supu?"

Nikaendelea kumkausha vidole vya miguu. Nilikuwa nangoja aongeze neno, hata moja, la kusikitika. Aliongeza kwamba nchi ilikuwa changa na wao walikuwa na haraka. Ninajua yaliyofuata, amenisimulia mara nyingi: maofisa wale wakapinduana, wakauana, na yeye mwenyewe akatiwa jela na watu waliovaa sare kama yake. Ndiyo sababu yuko Rissne. Hata hayo hayajamfanya aseme kwamba walikosea.

Nilimwinua peke yangu, jambo ambalo haturuhusiwi. Mgongo unaniuma ninapoandika haya. Nikamfunga vifungo vya shati hadi cha juu kabisa, anavyopenda.

Shilan nilimkuta kwenye benchi karibu na kituo cha treni, amelowa. Alisema atamwomba msimamizi amwondoe kwenye nyumba ile. Hakunilaumu. Aliniuliza tu ningefanyaje kama mzee angekuwa yule aliyemchukua baba yangu, maana niliwahi kumsimulia. Nikasema sijui. Na kweli sijui, kwa sababu sura ya yule askari nimeisahau. Huenda amekufa. Huenda yuko hapahapa Stockholm, kanisani kwetu, ambako Jumapili tunapeana mikono na wanaume wa kwetu ambao hakuna anayewauliza walikuwa wapi miaka ile. Tumekubaliana bila kusema kwamba hatutaulizana.

Hiyo ndiyo tunayoiita amani.

Nilibadilisha treni Fridhemsplan, nikarudi nyumbani Hässelby. Binti yangu Ineza, mwenye miaka kumi na minane, alikuwa jikoni akipiga suruali pasi. Kesho anakwenda kwenye mönstring, kupimwa kama anafaa kuingia jeshi la Sweden. Hapa jeshi huwaita vijana wa kike na wa kiume. Wapo wanaomwomba Mungu wasichukuliwe. Yeye kwenye fomu alijibu kwamba anataka.

Nikamsimulia habari za mzee na za Shilan, halafu za babu yake, ambaye miaka yote nimekuwa nikimwambia kwamba aliumwa akafa. Alizima pasi, akasikiliza hadi mwisho, akanishika mkono. Akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba anasikitika sana, lakini hayo ni ya Iraki na Burundi, hapa ni kwingine. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akasema:

"Mama, nikivaa ile nguo, hakuna mtu ataniuliza tena natoka wapi."

Amezaliwa hapa. Maisha yake yote anaulizwa.

Maneno hayohayo nimeyasikia asubuhi nyingi kwenye bafu la Rissne, na nimeyaitikia kwa kichwa. Na kama si nguo hiyo, nitampa nini mimi? Nchi yangu sikuweza kumpa. Hii ya hapa bado haijawa yangu hata mimi.

Ameniomba nimwamshe saa kumi na moja alfajiri, maana huwa hasikii simu yake ikilia. Ningeweza kujifanya nimepitiwa na usingizi. Nimeliwaza hilo jioni nzima, na ninaliandika ili baadaye nisije kusema sikuliwaza.

Nitamwamsha. Nitamchemshia mayai, nitamsindikiza hadi kituoni. Akigeuka dirishani kunitazama, nitainua mkono na kutabasamu. Je, nitakuwa ninamtakia afaulu, au ninamuaga tu?