Kitunga Iko Utupu

Jeudi, 2/5/2024

Leo wamenichinja!

Sheria ya Maître Jérémie, kule atelier tunajifunza kuchora, ni hii. (Fundi wa kuandika mabango ya maboutique hapa Baraka, sasa anajiita professeur.) Kazi yako inatundikwa kwenye kamba na vibanio vya nguo, kisha we unajaza maji kinywani. Unayashika mupaka wote bamalize kusema. Ukimeza, umeshindwa. Ukitema, umeshindwa zaidi. Eti njo vile utajua kusikiliza.

Nikasikiliza basi. Vainqueur, mwenye kukopia basichana kutoka kwa telefone, pua zote moja, akasema rangi zangu ziko na "tristesse". Huzuni ya nini? Rosette akasema nzuri. Rosette anasema nzuri ata kwa ukuta wa choo.

Halafu Nimbona. Murundi wa kambi ya wakimbizi, mukulima, shati moja tangu Pasaka. Akasimama mbele ya picha yangu, mwanamuke wa kijiji ya Lubondja, yule wa kitunga ya muhogo mugongoni, kamba kwenye kipaji cha uso. Kisha, polepole:

— Huyu mama habebi kitu. Kitunga iko utupu.

Kidogo nimutemee!

Kwao si banabeba kwa kichwa? Anajua nini juu ya kamba ya kipaji? Na Maître akaandika neno lake kwenye kitabu, na kutikisa kichwa kama padiri. Jeudi ijayo njo anachagua nani atachora ukuta mukubwa wa maternité mupya, pale bamama banazalia. Mi nautaka ule ukuta. Baraka nzima itapita pale. Kuukosa juu ya huyu? Haiwezekani.

Vendredi, 3/5

Kitunga iko utupu. Kitunga iko utupu! Mujinga yule.

Dimanche, 5/5

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliangalia shingo za bamama tu.

Kisha nikaangalia tena picha yangu. Shingo imenyooka sawa ya bibi-arusi. Mikono inaning'inia, haina kazi. Bon. Labda Murundi iko na haki kidogo. Kidogo!

Lakini niseme kweli, hapa kwa daftari hakuna anayesoma. Nilimunyoosha kusudi. Yule ni mama yangu. Kule atelier nilisema mama iko na boutique ya vitenge sokoni, juu Vainqueur anatuimbia kila siku baba yake na bureau yake. Ningesema nini? Kwamba mama anabebea batu muhogo toka mashambani, ajira ya kila siku? Nilimuchora amesimama wima juu sikutaka kumuona ameinama. Njo vile. Na muntu wa kambi aliona mara moja.

Namuchukia zaidi.

Mardi, 7/5

Nimemuomba mama abebe, nimuchore.

Alicheka:

— Divine, mi ndiyo nashusha sasa hivi, we unanirudishia?

Nilitaka kwanza kuinua kitunga mi mwenyewe. Haikutoka chini. Miaka makumi mbili na moja, mifupa ya bure! Mama akachuchumaa, akapitisha kamba kwenye kipaji, akasukuma na magoti, akasimama. Mwili wote unaenda mbele. Mikono inashika kamba karibu na masikio. Macho hayaoni mbali: hatua mbili mbele ya miguu, basi. Miaka yote hii nakula ule muhogo, sijawahi kuangalia.

Nimechora bila kufuta.

Alipotoa kamba, nikaona ule mufereji kwenye kipaji chake, pale kamba imekula nyama. Nikauchora pia. Akauona.

— Ule hapana, mutoto wangu. Ule ubaki kwetu nyumba.

Nikasema ndiyo, mama.

Jeudi, 9/5

Nilitundika ile yenye mufereji. Ndiyo. Ile ile.

Maji kinywani. Rosette: nzuri. (Aksanti Rosette, tulingojea mawazo yako.) Nimbona alisogea karibu sana, nilisikia harufu ya moshi wa kambi kwenye shati.

— Sasa iko na uzito, akasema.

Furaha ikanipanda mupaka nikameza maji, Maître hakuona. Kisha hasira, juu furaha ilitoka kwa yeye. Maître akasema ukuta ni wangu, na Nimbona atanisaidia. Zawadi na azabu siku moja!

Mama sijamuambia kitu. Atapita wapi aone? Yeye anapita njia ya chini, ya ziwa.

Lundi, 20/5

Naandika haraka, hapa juu ya ngazi. Najifanya nahesabu vipimo.

Tangu asubuhi tunachora na makaa. Kitunga imeisha, kamba imeisha, mikono imeisha. Mufereji pia. Nilianza na huo, ukatoka vizuri kuliko kwenye karatasi, mukubwa kama mukono wangu. Nimbona, bila haya yoyote, anaita kila mupita-njia atoe critique, aseme makosa. Ata muuza mikate ametoa!

Kumbe njia ya chini imejaa maji. Mama anapita hapa.

Iko chini yangu sasa. Na mzigo. Sijamusalimia.

Nimbona anamuambia, kwa heshima zao zile za kuinama:

— Mama, samahani. We unabebaka. Tuambie, kosa iko wapi?

Mama ameinua macho. Na ile kamba, kuinua macho ni kazi. Anaangalia ule mufereji kwenye ukuta. Sasa ananiangalia mi. Nimbona anauliza tena, anazani hakusikia.

Mama anatoa mukono moja kwenye kamba, anagusa kipaji chake.

Nimbona ametupa makaa, anakimbia kumupokea kitunga. Uzito unamuinamisha, yule mukulima. Mama anamuambia aksanti, mwanangu.

Mi niko juu. Naandika.