Kura ya Nywele za Kishungi

Chumba cha Kinyozi, Hospitalini,
Ghorofa ya chini, mkabala na dobi.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, habari baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Hujambo? Mgongo je, bado unalalamika kama mlango mkavu? Na kifua, vumbi la hiyo barabara mnayoijenga linakuacha upumue? Sisi hatujambo. Shemeji, mkeo, hajambo, Mama hajambo mpaka anakera. Na kabla hujaruka mistari kwa pupa: mwanao hajambo. Ameshapasuliwa, ameamka, anakula, anagombana na wauguzi. Haya, sasa kaa chini usome taratibu.

Najua simu ya mwisho ilikuacha roho mkononi. Mama alikupigia analia, "Tumeshindwa, mwanangu, tumeshindwa!" halafu mtandao wa kambini kwenu ukakata kama kawaida yake. Pole sana, ndugu yangu. Mama alikuwa analilia uchaguzi. Ndiyo, uchaguzi. Nitakueleza.

Kwanza ujue kwamba mwenzio si kinyozi wa kibandani tena. Mimi niliyenyoa mabaharia wa mataifa yote, niliyemnyoa waziri mmoja (simtaji, kichwa chake kina mabonde), sasa nawanyoa watu wanaokwenda kupasuliwa. Natumia mashine tu. Wembe tuliupiga marufuku, maana unakwaruza ngozi na vijidudu vinapata mlango. Nasema "tuliupiga" kwa sababu nilikuwepo chumbani. Madaktari walisema, mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Siku hizi hapa kila wodi ina utafiti wake. Kwa wapasuaji wanaangalia kama mgonjwa akiinuliwa atembee mapema anapona upesi. Kwa watoto njiti wanapima faida ya mama kumlaza mtoto kifuani. Wagonjwa wa kiharusi wanaimbishwa, waone kama maneno yatarudi. Kuna mzee mmoja hawezi kuomba maji, lakini akiyaimba unamletea ndoo nzima.

Na upo utafiti wa watoto wanaopasuliwa kichwa. Wanataka kujua: kuna haja gani ya kuwanyoa? Au nywele zikioshwa kwa sabuni ya dawa na kutengwa vizuri inatosha, na kidonda kitapona vilevile? Yaani, ndugu yangu, wananitafiti mimi! Nikionekana sina faida, narudi kibandani. Nikawaambia tafiteni tu, jogoo wa kweli haogopi kuhesabiwa mbegu za shingo. Usiniulize maana yake, wao pia hawakuuliza.

Sasa tuje kwa binti yako, Kishungi wetu. Kile kifafa kilikuwa kimezidi. Wiki aliyolazwa hapa alianguka kwenye ngazi za shule akapasuka kidevu. Dawa zilikuwa zimebadilishwa mpaka zimekwisha za kubadilisha. Walimvika kofia ya nyaya, wakampiga picha za ndani ya kichwa, wakaona kijikovu kimoja pembeni mwa ubongo ndicho kinachowasha cheche. Daktari wa ubongo, mwanamke mfupi anayeongea polepole kama anayemimina mafuta kwenye chupa, akatuita sote. Akasema kijikovu kipo mahali pazuri, kinaweza kutolewa, na akaonya kwamba ahadi ya asilimia mia hana. Halafu akauleta utafiti.

"Upasuaji atafanyiwa kwa vyovyote vile," akasema. "Kilichobaki ni nywele tu. Anyolewe au asinyolewe, hapo sisi hatuchagui. Kila mtoto anapigiwa kura."

Shemeji akaelewa. Mimi nikaelewa kabla hajamaliza. Mama akasikia "kura."

Unamjua mama yako. Jioni ile aliingia wodini na chupa ya chai na vikombe, akaanza kitanda cha kwanza. "Wanangu, nawaombeni kura zenu. Mjukuu wangu asinyolewe. Msimwangushe."

Mfagiaji akaegemea fagio lake. "Bibi, anagombea kwa chama gani?"

"Chama cha Nywele."

"Na sera zake?"

"Nywele!"

Basi mama wa mtoto mmoja wa kitanda cha dirishani akaruka. "Kumbe wanagombea? Na wangu je, mbona hatukuambiwa?" Naye akaanza kampeni upande wake. Kufumba na kufumbua wodi imegawanyika mapande mawili, huku wanapigiwa makofi, kule wanazomewa, na mzee wa kiharusi aliyekuja kusalimia anaimba katikati bila kujua yuko upande gani. Muuguzi mkuu akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Hii ni wodi au uwanja wa mpira?"

Mama akamjazia kikombe. "Na wewe mwanangu, kura yako ni ya siri, lakini ninywee chai."

Daktari akaitwa. Akaeleza upya kwamba hiyo ni kura ya bahati, kama watoto wanavyochagua vijiti, na kwamba kompyuta ndiyo inayochagua, ili mtu asipendelewe na matokeo yawe ya kuaminika. Mama akamtazama sana. "Kwa hiyo msimamizi wa uchaguzi ni kompyuta," akasema. "Sasa naelewa kwa nini mnashinda kila siku."

Asubuhi matokeo yakatoka: Kishungi anyolewe. Hapo ndipo Mama alipokupigia ile simu ya kilio. Alipokatikiwa akadai kura zirudiwe. Daktari, kwa upole, akamwambia mko huru kabisa kutoka kwenye utafiti, hamtapungukiwa na huduma yoyote. Mama akauliza, tukitoka mnafanyaje? "Tunafuata kawaida yetu." Na kawaida yenu? "Tunanyoa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini kicheko hakikudumu. Kishungi alikuwa anasikia yote. Akashuka kitandani, akaingia uvunguni, akashika nywele zake kwa mikono miwili. Akasema hataki kunyolewa, hataki kupasuliwa, na kifafa chake abaki nacho mwenyewe.

Ndugu yangu, hapo nilimwona shemeji akivunjika moyo. Chumba cha upasuaji kinangoja. Siku hiyo ikipita ni kurudi kwenye foleni miezi chungu nzima, na ngazi za shule zipo palepale. Muuguzi mmoja akasema tumtoe tu. Shemeji akamzuia. "Simkamati mwanangu kama kuku. Akienda, atakwenda kwa miguu yake." Kisha akanitazama mimi, mwenye maneno ya kuuza rejareja na jumla.

Nikalala sakafuni, na mwili huu. Nusu yangu ikaingia uvunguni, nusu ikabaki kwa umma. Nikajaribu utani wa waziri, haukumchekesha. Nikamwambia nywele huota, nani ajue kuliko mimi. Akasema anajua.

"Sasa tatizo nini, mama?"

Akanisogelea sikioni. Halafu akaniambia, taratibu, mama yake asisikie. "Baba mkubwa, baba akirudi atanijuaje?"

Kumbe ni utani wako, ndugu yangu. Kila ukipiga simu unamwambia, hizo nywele usizipunguze, kwa maana siku nikishuka kwenye gari nitakutambua kwa hizo tu. Wewe unacheka. Yeye ameziweka kama kitambulisho. Ulimwacha anabebwa, sasa anasoma. Anajua uso wake umebadilika. Kitu pekee ambacho hakijabadilika ni hicho kishungi, na mimi nimekijia na mashine mkononi.

Sikulaumu, usinielewe vibaya. Ungejuaje? Nilimwambia hivi: nitamwandikia baba yako, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nimweleze ulivyo sasa, kila kitu, ili akija asipotee. Akafikiri sana. Akauliza, na kovu utaliandika? Nikasema nitaliandika. Akatoka uvunguni kwa miguu yake, akakaa kwenye kiti changu, akafumba macho. Nimenyoa vichwa vingi duniani. Kile nilikinyoa polepole kuliko vyote, na nilipomaliza nilijifanya napuliza vinywele kumbe najipangusa uso.

Tangu apasuliwe hajaanguka hata mara moja. Daktari anasema ni mapema kujisifu, dawa ataendelea nazo, na tusubiri. Kujisifu niachieni mimi. Majibu ya utafiti nayo bado, wanatafiti watoto wengi kwanza. Mama amekwisha kubali matokeo, na wodi nzima sasa wanamwita mwanao Mheshimiwa.

Nisalimie wenzako kambini, hasa yule mpishi unayesema anaunguza hata maji. Huku Mama anakusalimu kwa sauti kubwa na ameshasema nikuandikie ule vizuri. Shemeji anakusalimu kwa sauti ndogo, nadhani yake ni nzito zaidi. Mungu akulinde na mashine za barabarani, akufikishe nyumbani mzima.

Sasa ahadi yangu. Shika sana haya. Kichwa chake ni kama brashi mpya ya viatu, nywele ndiyo kwanza zinachomoza. Juu ya sikio la kushoto kuna kovu limepinda kama mkono wa kikombe. Kidevuni kuna jingine dogo. Jino la juu la mbele halipo. Ananifikia kwenye kifungo cha pili cha koti. Akisimulia kichekesho anacheka yeye kabla hajakimaliza, na hapo ndipo utakapojiona mwenyewe. Siku ukishuka kwenye gari, atakuwa amesimama mbele kuliko wote. Usimngoje akuite. Wewe ndiye umwite kwanza.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja, nikupendaye bila kupigiwa kura,
Kinyozi.