Kwa Nini Naisula Hatahitimu Novemba

Olmotonyi, Arusha
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Lesian,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumaini mguu umepungua uvimbe na kwamba unamsikiliza wifi Penina anapokukataza chumvi, maana najua ukishapewa nyama humsikilizi mtu. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imechelewa, lakini mahindi ya shamba la chini yamesimama, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Utashangaa naandika wakati simu ipo. Kaka, wewe kwenye simu hunipi nafasi. Neno langu moja unalijibu kwa kumi, na salio linakwisha tukiwa bado kwenye hasira. Barua huwezi kuikatiza. Atakuletea Ezra, mtoto wa Mchungaji, anakuja huko Mwanza kwenye semina.

Ni habari ya mahafali. Umesema utapanda basi uje umwulize Profesa Aminiel, msimamizi wa Naisula, kwa nini anawachelewesha watoto wa watu. Nakuomba usije kwa ajili hiyo. Nisikilize kwanza.

Unajua mpwa wako anasomea udaktari wa chuo, si wa kutibu. Alitaka kujua jambo tunalolifanya tangu bibi zetu: tunaposugua kibuyu kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien kabla ya kuweka maziwa, ule moshi unafanya nini mle ndani. Anasema moshi una kemikali zake, na kwenye mgando kuna vijidudu vizuri na vibaya, na huenda kila nyumba ina vya kwake. Basi mwaka juzi akaja na gari la chuo, akawagawia akina mama wa kitongoji chetu chupa, kila moja imeandikwa jina la mwenye nyumba. Akasema kesho atapita kukusanya, kila mmoja amwekee mgando wa kibuyu chake.

Akapotelea maabara miezi mingi. Aliporudi alikuwa na furaha, akanieleza kuwa maziwa ya nyumba zote yamefanana kama watoto wa tumbo moja. Profesa alisema hilo ni jambo kubwa, maana yake oloirien yenyewe ndiyo inayochagua nani aishi kwenye kibuyu. Chupa moja tu ilikataa kufanana na wenzake, wakaitoa kwenye hesabu kwa kuwa walidhani imechafuka. Ilikuwa yangu. Alinieleza kwa upole, amenishika mkono, lakini kaka, niliona aibu. Mwanamke mzima wa Kiarusha kuambiwa na binti yake kibuyu chake kina uchafu! Nilikisugua hadi nikaogopa kitatoboka.

Sasa Pasaka hii tulikuwa jikoni kanisani tunawapikia wageni. Akina mama wakaanza kumtania Sinyati, mjane wa Tajeu, yule mwenye ng'ombe wengi, kwamba Novemba ng'ombe wake wavalishwe joho, kwa sababu wao ndio waliosoma. Nikacheka nao bila kuelewa, kisha nikauliza joho la nini. Mama Jackline akaniuliza, kwani wewe Mama Naisula ulipeleka ya kwako?

Ndipo nikajua. Walipoona majina kwenye chupa waliogopa. Walidhani watu wa chuo watakuja kusoma mbele ya mkutano wa kijiji kibuyu cha nani ni kichafu. Tena mgeni wa heshima hapewi maziwa ya kubahatisha. Basi jioni ile walikwenda wote kwa Sinyati, naye akawajazia kutoka kibuyu chake kimoja kikubwa. Mimi hawakunipitia, walijua mama wa msomi atawagomea. Wakanisihi ninyamaze. Mtoto ameshaandika, Profesa ameshafurahi, maziwa yenyewe yalikuwa mazuri, sasa nani ameumia? Sinyati akaniambia nikisema nitakuwa nimewavua nguo wao wote, na binti yangu pamoja nao.

Kaka, linalofuata sijamwambia mtu. Wewe unadhani chuo kimemrudisha nyuma Naisula. Hakuna aliyemrudisha. Tasnifu ilishapita kwa Profesa, ilibaki kuitetea mbele ya jopo tu, na hapo chuoni hakuna ambaye angejua kitu. Ni mimi niliyemwambia. Nilikaa nalo hadi nikawa siwezi kuimba kanisani, nikamfuata kule Lemara alikopanga chumba, nikamweleza nikiwa bado mlangoni. Hakulia. Aliuliza kama ni wote. Nikasema wote, isipokuwa mimi. Akakaa chini akasema, mama, kwa hiyo ile moja ya kweli ndiyo niliyoitupa.

Sikumwamuru lolote. Alikwenda mwenyewe kwa Profesa akaiondoa tasnifu. Anasema mzee yule alisema hata mama yake kule Momela angekwenda kuazima maziwa hivyo hivyo, na yeye kama msimamizi alipaswa kushtuka alipoona ya nyumba zote yamefanana. Basi mwache, hana kosa.

Hasara ipo, sikufichi. Nafasi ya kufundisha iliyokuwa ikimngoja amepewa mtu mwingine. Mimi akina mama wamenitoa jikoni, siku hizi nafagia kanisa peke yangu. Naisula ameanza upya, anakuja alfajiri, anaingia nyumba kwa nyumba na kumimina mwenyewe, na chupa zina namba tu. Kwangu akishachukua ya kwake haketi kunywa chai. Sijui ana hasira au ana haraka. Nimemwuliza Mungu kama nilikosea. Sijasikia jibu, ila usingizi napata.

Ukitaka kugomba, nigombeze mimi. Yeye mpigie tu umwambie mjomba wake atakuja siku yoyote atakayohitimu, hata ikiwa miaka miwili ijayo. Usimwambie kwamba nimekuomba.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Bwana awafunike kwa mkono wake hapo nyumbani, na huo mguu aushike.

Mdogo wako,
Nanyori