Kigoda Nilichokisugua

Jumatano, Dodoma. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na dalili ya mvua hakuna.

Leo nimeona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nije huku bara kuwa karani wa stesheni ya Wadachi.

Nina sanduku la vitu vya kale: njuga, vibuyu, vipuli vya mbao. Nilianza kwa kumwiga bwana mkubwa wa stesheni, anayepanga vitu vya watu mezani na kuviandikia majina. Nikajiona nami mstaarabu.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kigoda cha miguu mitatu. Mwaka jana, ukame ulipozidi, Bibi Nyemo alihama na ng'ombe wake, akaniletea kigoda cha marehemu mumewe. "Nyumba yako haina mchwa, karani. Nitunzie." Mimi nikaandika daftarini: zawadi ya mjane wa Kigogo.

Nilijua si zawadi.

Kilikuwa cheusi, kinanata, kinanuka samli. Nikadhani ni uchafu. Nikakiosha kwa maji moto ya magadi, nikakisugua kwa mchanga siku mbili, nikakipaka mafuta ya milango ya mabehewa. Kikang'aa, nami nikakiringia kwa kila mgeni.

Leo mchana Bibi Nyemo amerudi, miguu imejaa vumbi. Keshokutwa mwanawe anarithishwa jina la baba, na lazima akalishwe juu ya kigoda hicho.

Alikigeuza. Akakileta puani, akanusa pale alipokuwa akikaa mumewe. Akanusa tena upande wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule weusi ulikuwa samli waliyokipaka kila waliporithishana jina, tangu kwa babu wa mumewe.

"Nimekisafisha, bibi," nikasema, eti nangoja shukrani. Mjinga mimi!

"Ahsante kwa kunitunzia, mwanangu."

Afadhali angenitukana.

Alikifunika kwa kaniki yake, watu wasikione njiani. Nikauliza kama wazee watakikubali. "Nitawaambia nilikiosha mimi," akasema, akajitwika kigoda, akaenda zake. Nami nikamwacha aende na kosa langu kichwani.

Nimelifuta lile neno zawadi. Karatasi imetoboka.

Keshokutwa hakuna treni, kwa hiyo sina kisingizio. Je, nitathubutu kusimama mbele ya wazee wale kabla bibi hajasema neno, na kusema aliyekiosha ni mimi?